Cherehani ya Bibi

1. Kasha la Chini ya Kitanda

Watoto, wengi wenu mmepata kumwona fundi wa nguo barazani pa duka. Ameinama juu ya cherehani yake, miguu yakanyaga, na nguo yatoka nyuma ya sindano kama maji yatokavyo mferejini. Lakini cherehani tutakayoisoma leo haina pa kukanyagia, wala haina waya wa umeme. Ina mpini mmoja tu, ubavuni mwa gurudumu lake. Mshonaji huuzungusha mpini huo kwa mkono wa kuume, na mkono wa kushoto huongoza nguo. Kwa hiyo yaitwa cherehani ya mkono.

Cherehani hiyo imo katika nyumba moja ya Nyashimo. Nyashimo ni mji mdogo wa Usukuma, karibu na Ghuba ya Speke ya ziwa Victoria, katika barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma. Mwaka 2012, mkoa wa Simiyu ulipoundwa, Nyashimo pakawa makao makuu ya wilaya mpya ya Busega. Watu wa huko ni wakulima, wafugaji na wavuvi, na zao lao la biashara, tangu zamani za babu zao, ni pamba.

Majina ya wenye nyumba ile hatutayataja. Yatosha kusema ya kwamba mna bibi mmoja mzee, na wanawe wawili wa kiume, na mjukuu wake wa kike, binti wa yule mwana mkubwa. Chini ya kitanda cha bibi mna kasha la mbao lenye mgongo wa mviringo, na ndani ya kasha mna cherehani nyeusi. Zamani ilipambwa kwa maua ya rangi ya dhahabu pande zote. Sasa maua yamefutika kila mahali paliposuguliwa na mikono ya watu, yamebaki pembeni tu. Bali chuma chenyewe kingali kizima, na mpini wake wa mti umekuwa laini kama jiwe la mtoni.

Baba yake bibi ndiye aliyeinunua, katika miaka ya 1950, kwa fedha ya pamba. Hakuinunua mpya, aliinunua kwa fundi mmoja wa Mwanza aliyekuwa amepata cherehani ya miguu. Alimpa mkewe. Mkewe akashona nayo miaka mingi, akamfundisha binti yake; na binti huyo alipoolewa, akaja nayo Nyashimo, imefungwa nyuma ya baiskeli. Binti huyo ndiye bibi wa leo.

Basi ikawa mwaka mmoja mvua ilipungua, pamba ikawa haba, na cherehani hiyo ikawa karibu kuvunjwa vipande. Jinsi ilivyookoka ndiyo habari ya somo letu. Lakini kwanza tutazame cherehani ilitoka wapi, nayo hufanyaje kazi. Maana asiyekijua kitu hudanganywa kwa urahisi juu yake.

2. Asili ya Cherehani

Neno cherehani ni ndugu wa neno cherehe, yaani gurudumu la kunolea visu. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Waliotupa jina hili waliona lile gurudumu lizungukalo, wakakiita chombo kizima kwa jina lake.

Zamani nguo zote zilishonwa kwa mkono, sindano moja na uzi mmoja. Hebu fikirini kazi ile! Shati moja la mwanamume lilikuwa na mishono kama 20,000. Watu wa Marekani walipolinganisha kazi hizo mbili, katika karne ya 19, waliona kwamba shati la namna hiyo lilichukua zaidi ya saa 14 kwa mkono, na saa moja na robo hivi kwa cherehani.

Watu wengi walijaribu kutengeneza mashine ya kushona. Huko Ufaransa alikuwako mshonaji mmoja maskini, jina lake Barthélemy Thimonnier. Mwaka 1830 serikali ya nchi yake ilimpa hati ya kuilinda mashine aliyoibuni, na upesi mashine zake 80 zikawa zikishona nguo za askari mjini Paris. Walakini washonaji wa mji waliogopa ya kwamba watakosa kazi. Mwaka 1831 wakaingia kwa nguvu karakanani, wakazivunja. Thimonnier alikufa maskini mwaka 1857.

Huko Marekani alitokea mtu mwingine, Elias Howe. Katika sindano ya mkono, tundu la uzi huwa nyuma. Katika sindano ya Howe tundu lilikuwa karibu na ncha. Tena mashine yake ilitumia nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Mwaka 1845 alishindana mjini Boston na wanawake watano wenye kushona upesi kuliko wote, akawashinda. Mashine yake ilifanya mishono 250 kwa dakika moja. Mwaka 1846 akapewa hati ya ubunifu.

Mwaka 1851 Isaac Singer, Mmarekani vilevile, alitengeneza mashine iliyo bora zaidi kwa matumizi. Howe akamshitaki, kwa kuwa mlikuwa na mambo aliyoyabuni yeye. Na Singer ikampasa kumlipa. Lakini kampuni ya Singer iliendelea sana, na tangu mwaka 1856 iliwauzia watu cherehani kwa kulipa kidogo kidogo, hata mtu asiye tajiri akaweza kuipata. Mwaka 1885 kampuni ilifungua kiwanda kikubwa huko Clydebank, katika nchi ya Scotland. Cherehani nyingi zilizofika Afrika ya Mashariki zilitoka katika kiwanda hicho. Kilifungwa mwaka 1980, lakini kazi yake ingalipo vijijini kwetu.

Cherehani ni chuma kizito. Haikuweza kufika Usukuma kwa wingi mpaka njia zilipofunguliwa. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli zilichukua mizigo mpaka Mwanza. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora nayo ikafika Mwanza. Mafundi wakaketi barazani pa maduka ya Wahindi, wakishona kanzu na kaptula, na mnunuzi alichagua kitambaa ndani akashonewa nje. Tena misheni nyingi zilifundisha wasichana kushona. Nassa, ambapo si mbali na Nyashimo, palikuwa na misheni ya Church Missionary Society tangu mwisho wa karne ya 19, na mwaka 1909 kazi yake ikashikwa na African Inland Mission.

3. Jinsi Inavyoshona

Yule mjukuu alipokuwa na umri wa miaka kumi, bibi alilivuta kasha akamwambia, "Mjukuu wangu, leo hutashona. Leo utatazama tu. Mtu hapandi mtumbwi asiojua kuupiga kasia."

Akaufungua mfuniko mwembamba wa chuma ulio chini ya sindano. Mle ndani mtoto aliona kitu kidogo, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, kama mtumbwi. Ndani ya mtumbwi huo mlikuwa na kijiti cha chuma kilichozungushiwa uzi.

Bibi akazungusha mpini polepole. Sindano ikashuka, ikatoboa kitambaa, ikaingia chini pamoja na uzi wa juu. Kisha sindano ilianza kupanda. Lakini uzi ulishikwa na kitambaa, haukuweza kupanda upesi kama sindano, ukajikunja ukafanya kitanzi kidogo. Mara ule mtumbwi ukapita katikati ya kitanzi, ukiuvuta uzi wa chini nyuma yake. Kipande cha chuma kilicho mbele ya cherehani kikapanda, kikaukaza uzi wa juu. Na zile nyuzi mbili zikakumbatiana katikati ya kitambaa. Ukawa mshono mmoja. Sindano ilipokwisha kutoka katika nguo, meno madogo yaliyo chini yakainuka, yakaisukuma nguo mbele kidogo, na kazi ikaanza upya.

"Bibi," mtoto akauliza, "mbona umezungusha mara moja, na sindano imeshuka mara tatu?"

Bibi akafurahi, akasema, "Umetazama vema. Mpini una gurudumu kubwa lenye meno, nalo huzungusha gurudumu dogo. Likizunguka kubwa mara moja, dogo huzunguka mara tatu. Ndiyo sababu mkono wa mzee kama mimi waweza kushona upesi."

Kisha akamwonyesha parafujo ikazayo uzi wa juu. Uzi wa juu ukikazwa mno, uzi wa chini huonekana juu ya nguo kama punje za mtama. Ukilegezwa mno, nyuzi hufungamana chini. Mshono mwema ni ule usiojulikana upande upi ni wa juu na upi ni wa chini.

Mwisho akamwonyesha matundu ya mafuta. "Tia mafuta ya cherehani, tone moja kila tundu," akasema. "Usitie mafuta ya kupikia hata siku moja. Hayo hukauka yakawa kama gundi, na chuma kikafungwa. Ukiona imekuwa nzito, safisha kwa mafuta ya taa, uifute sana, ndipo utie mafuta yake yenyewe. Na pamba ya vumbi ikusanyikayo chini ya meno, itoe kila jioni."

Mtoto akayashika maneno hayo. Tangu siku ile kazi ya mafuta ilikuwa yake. Sindano ilipovunjika, alitumwa dukani kununua nyingine; maana, ijapokuwa cherehani ile ni ya kale, sindano zake hupatikana hata leo.

4. Mgeni wa Pikipiki

Sasa turudi katika ule mwaka wa mvua haba. Mjukuu alikuwa amemaliza darasa la saba, naye alikuwa akingoja kuingia sekondari mwezi wa Januari. Tangu mwaka 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake za sekondari mpaka kidato cha nne. Hata hivyo mwanafunzi hana budi kuwa na sare, viatu, madaftari na mkoba. Kwa ajili ya mambo hayo baba yake alikuwa amempa bibi shilingi 100,000 azitunze. Nazo ndizo fedha pekee zilizobaki katika nyumba.

Siku moja ya Novemba, jua likiwa linashuka, akaja mtu mgeni amepanda pikipiki. Akapiga hodi, akakaribishwa, akapewa kigoda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Za huko utokako?"

"Njema, bibi. Nimesikia ya kwamba mna cherehani ya zamani, ya mkono. Nataka kuinunua. Nitatoa shilingi milioni mbili."

Yule mwana mdogo wa bibi aliposikia hayo akasogeza kigoda chake karibu. Fedha hiyo ilipita sana bei ya cherehani mpya.

Bibi akauliza, "Wajua kushona?"

"Sijui, bibi."

"Basi mkeo ajua?"

"Hajui."

"Basi waitakia nini?"

Mgeni akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Cherehani za kale zina zebaki nyekundu ndani ya sindano na ndani ya chuma chake. Wako matajiri waitafutao. Nitaivunja niitoe, na milioni mbili nitawaletea kesho kutwa. Ila ni lazima ipimwe kwanza, na dawa ya kupimia yauzwa shilingi 100,000. Hizo mtatoa ninyi, kisha nitawarudishia pamoja na bei."

Mwana mdogo akageuka akamwambia mama yake, "Mama, fedha ipo. Tumpe. Kesho kutwa tutakuwa watu wengine."

Baba yake mjukuu alinyamaza. Alikuwa akifikiri habari ya viatu vya mwanawe. Bibi naye alinyamaza. Ndipo mjukuu, aliyekuwa ameketi mkekani, akasema kwa heshima, "Baba mdogo, naomba ruhusa niseme neno."

"Sema."

"Sindano hii niliinunua mimi mwenyewe dukani mwezi uliopita. Ya kwanza ilivunjika tuliposhona turubali. Mimi na mgeni huyu, nani aijuaye sindano hii? Zebaki ya kale iliingiaje katika kitu kilichotoka dukani mwezi uliopita?"

Watu wote wakanyamaza. Mtoto akaleta bisibisi. Akafungua mfuniko wa chini, akautoa ule mtumbwi mdogo, akauweka mkononi mwa baba yake mdogo. Akalegeza parafujo, akaitoa sindano, akampa. Akafungua bamba la ubavuni, wote wakatazama ndani. Hapakuwa na kitu ila chuma, mafuta, na vumbi la nyuzi.

Mgeni akasema, "Hamjui kupima. Ikiwa ina zebaki, ukiisogeza simu ya mkononi karibu na sindano, simu itakatika."

"Basi pima," akasema bibi.

Baba yake mdogo akapiga simu, akaishika karibu na sindano. Simu haikukatika, mtu wa upande wa pili aliendelea kuuliza, "Haloo, wasemaje?"

"Zebaki yake imo ndani kabisa ya chuma," akasema mgeni. "Haionekani mpaka ivunjwe."

Bibi akaondoka kigodani pake. "Mwanangu," akasema, "kitu kisichoonekana, kisichopimika, tena kinachodai fedha yangu kwanza na kutoa fedha yako baadaye, mimi nakijua jina lake. Nenda salama, kumekuchwa."

Yule mtu akaondoka, wala hakurudi kesho kutwa.

Watoto, uvumi huu si wa Nyashimo tu. Mwezi wa Aprili mwaka 2009 ulienea katika nchi ya Saudia. Watu walisikia ya kwamba cherehani kuukuu za Singer zina zebaki nyekundu, na ya kwamba simu huweza kuipima. Bei za vyuma vile zikapanda ghafula kupita kiasi, watu wakagombea sokoni, hata polisi wakaingia kuchunguza. Haikuonekana zebaki yo yote.

Zebaki ya kweli ni madini yaliyo maji, rangi yake nyeupe ing'aayo kama fedha. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, ng'ambo ya ziwa, huitumia kukamata chembe za dhahabu. Ni sumu; mvuke wake huharibu ubongo na mafigo. Hiyo zebaki nyekundu ya wavumi, ambayo yasemwa ni ya thamani kuliko dhahabu, wenye elimu ya kemia hawajapata kuiona. Tena, hata bila elimu hiyo, mtu aliyeelewa jinsi cherehani ishonavyo ataona ya kuwa hakuna sehemu hata moja katika kazi yake iitakayo zebaki. Thamani ya cherehani imo katika mshono wake.

5. Urithi

Mgeni alikwenda zake, lakini taabu haikwenda naye. Januari ilikuwa karibu. Viatu na vitabu vingekula zile shilingi 100,000 zote, na kitambaa cha sare kilikuwa bado.

Bibi akamwambia mjukuu, "Lete kasha." Siku ile wakaanza kazi. Mjukuu alizungusha na kushona. Bibi, ambaye macho yake hayakuweza tena kutunga uzi, alikata na kupiga pasi. Majirani walileta sare za watoto wao, wengine za kushonwa upya, wengine za kupunguzwa kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake. Umeme ulipokatika, mafundi wenye cherehani za umeme walisimama, lakini mpini wa bibi ulizidi kuzunguka mpaka giza lilipoingia. Kila malipo yaliandikwa katika daftari, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Hata ilipofika Krismasi walikuwa wamepata bei ya kitambaa cha sare, na sare yenyewe mjukuu alijishonea kwa mkono wake. Palipopungua, baba yake aliuza mbuzi wawili.

Baada ya sikukuu bibi aliwakusanya watu wa nyumba yake, akasema, "Mimi ni mzee. Nataka kusema habari ya cherehani hii ningali hai, ili msije mkagombana juu ya kaburi langu."

Mwana mdogo akasema, "Mama, kwa mila yetu mali ya nyumba huenda kwa wana wa kiume. Kama hatutaiuza kwa zebaki, na tuiuze kama cherehani, tugawane mimi na kaka yangu. Kila mtu apate haki yake."

Bibi akajibu, "Ng'ombe wa baba yenu mtawagawana, na shamba mtaligawana, na mila itatimizwa. Lakini kitu hiki hakikutoka kwa baba yenu. Alininunulia mama yangu baba yangu, yaani kwa jasho lao kilikuja, nami nilikuja nacho. Tena ng'ombe kumi wagawanyika, watano huku, watano huko, nao wazidi kuzaa. Cherehani ikigawanywa, mmoja atachukua gurudumu, mwingine atachukua sindano, na wote wawili watavaa matambara."

"Je, mimi sina haki, mama?"

"Unayo, mwanangu. Umevaa nguo zake tangu siku uliyozaliwa. Haki yako ni kushonewa, wewe na wanao, bila malipo, maadamu chuma hiki chazunguka. Hiyo ndiyo haki isiyokwisha. Fedha ingekwisha kabla ya mavuno."

Kisha akamwita mjukuu, akaweka mkono wake juu ya mpini. "Nakupa wewe," akasema, "si kwa sababu wewe ni binti wa mwanangu mkubwa, bali kwa sababu wewe umeitia mafuta miaka mitatu pasipo kuambiwa. Lakini nakupa kwa masharti matatu. La kwanza, itunze. La pili, mjane au yatima akileta nguo iliyochanika, usimtoze. Mkumbuke Dorkasi wa Yafa, ambaye wajane walimlilia wakionyesha nguo alizowashonea. La tatu, kabla hujazeeka, mfundishe mwingine, naye umpe."

Mjukuu akapokea kwa mikono miwili, akapiga magoti. Baba yake mdogo alikaa kimya kitambo. Kisha akavua shati lake, ambalo lilikuwa limechanika begani, akalitupa juu ya cherehani, akasema, "Basi anza na haki yangu." Watu wote wakacheka, na neno lile likaisha kwa amani.

Jioni ile mjukuu aliipindua cherehani kuisafisha. Juu ya kitako chake aliona tarakimu zilizochongwa katika chuma, ambazo hakuzijali siku zote. Hizo ni namba zilizochongwa kiwandani, na kwa namba kama hizo mwaka wa kutengenezwa kwa cherehani huweza kujulikana. Akaziandika katika daftari, na chini yake akaandika jina la mama yake bibi, kisha jina la bibi, kisha jina lake mwenyewe. Chini ya hayo akaacha mstari mtupu.

Kitunze kidumu, walisema wazee. Nanyi, watoto, kama nyumbani kwenu mna chombo cha kale, cherehani, au jembe, au saa ya ukutani, msikidharau kwa kuwa ni kuukuu, wala msiamini kila aletaye habari zake za ajabu. Kifungueni, mkitazame, mjue kinafanyaje kazi. Waulizeni wazee waliokinunua walitoa nini kukipata.

Maswali

1. Nyashimo ni mji wa wilaya gani, na mkoa gani? Mkoa huo uliundwa mwaka gani?

2. Kwa nini washonaji wa Paris walizivunja mashine za Thimonnier? Je, walikuwa na sababu ya kuogopa? Toa maoni yako.

3. Sindano ya cherehani yatofautianaje na sindano ya mkono?

4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi nyuzi mbili zinavyofanya mshono mmoja.

5. Mpini wa cherehani ya bibi ukizungushwa mara moja, hufanya mishono mitatu. Ikiwa pindo la sketi lina mishono 600, mpini utazungushwa mara ngapi?

6. Mjukuu alijuaje ya kuwa mgeni hakusema kweli? Taja mambo mawili.

7. Bibi alisema kwamba cherehani haigawanyiki kama ng'ombe. Taja vitu vingine viwili vya nyumbani visivyoweza kugawanywa.

8. Je, unaona hukumu ya bibi ilikuwa ya haki kwa mwanawe mdogo? Andika mistari kumi.

9. Mwulize mzee wa nyumbani kwenu habari za chombo kimoja cha kale: kilitoka wapi, kilinunuliwa kwa fedha ya nini, na nani alikitumia. Andika majibu yake katika daftari lako.